Baiskeli ya mlimani kwenye vilima vyenye mabaki ya kale: kupanga njia, kupanda, kushuka na kurudi salama

Wanaoanza huniuliza maswali yaleyale matatu. Nianze na kilomita ngapi? Nitajuaje kama mlima ule naumudu? Na je, ile ngome niliyoiona kwenye ramani naruhusiwa kuifikia na baiskeli? Nimeyajibu kwa mtu mmojammoja kwa muda mrefu, sasa nayaweka pamoja kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia mezani mbele ya ramani hadi kurudi ulikoanzia.

Namwandikia mtu anayejua kuendesha baiskeli barabarani na mwenye afya ya kawaida, lakini hajawahi kushuka mteremko wa changarawe wala kusoma kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Safari ninayoizungumzia ni ya siku moja, kilomita 20 hadi 35, yenye vilima na alama ya kihistoria moja au mbili.

Kuna jambo nataka ulishike tangu sasa. Alama ya kihistoria si pambo la njia, bali inakuambia ardhi ikoje. Watu wa kale hawakujenga ovyo. Mwenye ngome alitaka kumwona adui akiwa bado mbali, kwa hiyo ngome iko juu. Mwenye kinu cha maji alihitaji mto, kwa hiyo kinu kiko bondeni. Ukijua hilo, jina tu kwenye ramani linakueleza miguu yako itakutana na nini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Baiskeli ya mlimani yenye breki mbili nzima na gia nyepesi ya kupandia. Shokapu ya mbele inatosha. Ya nyuma ni raha, ila kwa njia za namna hii si lazima.
- Matairi yenye meno, upana wa inchi 2.1 hadi 2.4.
- Helmeti inayokukaa: ukitikisa kichwa, isisogee. Glavu za vidole vyote na miwani.
- Tyubu ya akiba, viraka na gundi, pampu ndogo, vijiti viwili vya kung'olea tairi kwenye rimu, seti ndogo ya alenki (funguo za kukazia skrubu zenye tundu la pembe sita), kifaa cha kukatia mnyororo na kiungo kimoja cha akiba.
- Ramani yenye kontua. Mimi napenda ya karatasi ya skeli ya 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita 1. Simu nayo iwe na ramani uliyokwisha kuipakua, maana mabondeni mtandao hupotea.
- Maji nusu lita kwa kila saa ya safari, na zaidi jua likiwa kali. Chakula cha kutafuna kidogokidogo.
- Koti jepesi la mvua, bendeji, filimbi, na taa ya mbele hata kama unaondoka asubuhi.
- Kufuli nyepesi. Hii ndiyo husahaulika kuliko vyote, na safari hii ina mahali ambapo lazima ushuke na kuiacha baiskeli.

## Hatua kwa hatua

1. Chagua alama moja kuu.

Ukifungua ramani utaona ngome, kanisa la kale, daraja la mawe, makaburi ya wafalme, na utatamani vyote. Chagua kimoja cha kukitembelea kwa utulivu na kimoja cha kupita tu. Kila kituo kinakula nusu saa, na ukikaa muda mrefu misuli hupoa, mwinuko unaofuata ukakuona mgeni.

2. Soma mlima kupitia alama yenyewe.

*Ngome za kilimani.* Tarajia mwinuko mkali mwishoni kabisa, kwa sababu mahali palichaguliwa ili mgeni afike akiwa amechoka. Kusini mwa Uingereza, Chanctonbury Ring na Uffington Castle ni ngome za udongo zilizo juu ya vilima vya chokaa. Pale Uffington pana pia mchoro wa farasi mweupe wenye urefu wa takribani mita 110, uliochongwa kwenye chokaa yapata miaka 3,000 iliyopita. Weka akiba ya nguvu kwa kilomita ya mwisho.

*Njia za kale za mgongoni.* Wasafiri wa zamani walikwepa tope la mabondeni kwa kupita juu ya mgongo wa vilima. Njia ya Ridgeway, inayopita hapohapo Uffington, ni ya aina hiyo. Kazi kubwa ni kupanda mara moja mwanzoni. Ukishafika juu unabaki juu, na adui wako anakuwa upepo.

*Barabara za Warumi.* Mara nyingi zilinyooka, hata pale ambapo sisi tungezungushia kona, kwa hiyo kontua zikikatwa na mstari ulionyooka jiandae kwa mwinuko usio na huruma. Kama mawe ya asili bado yapo, kama kwenye sehemu za Via Appia nje ya Roma (ilianza kujengwa mwaka 312 KK), mwendo utakuwa wa kutikisika hata kwenye tambarare. Hesabu muda mara mbili kwa kipande hicho.

*Njia za punda na farasi wa mizigo.* Hizi huzunguka mlima taratibu, kwa sababu mnyama aliyebeba mzigo hapandi ukuta. Ukiikuta, ipandie.

*Reli zilizofungwa.* Hapa ndipo ningependa kila anayeanza aanzie. Treni haiwezi mwinuko mkali, na njia nyingi za reli hazikuzidi asilimia 3, yaani mita 3 za kupanda kwa kila mita 100. Mfano mzuri ni Parenzana, reli nyembamba iliyofunguliwa mwaka 1902 kati ya Trieste (Italia) na Poreč (Kroatia) na kufungwa mwaka 1935. Leo ni njia ya baiskeli ya kilomita 123 hivi, yenye madaraja marefu na mahandaki (ndiyo sababu nimesema ubebe taa), na inapita karibu na miji ya kale ya vilimani kama Grožnjan na Motovun. Angalia lakini: reli ilipita chini ya Motovun, mji wenyewe uko juu. Ukitaka kuziona kuta zake, mlima utaupanda tu.

*Vinu vya maji na madaraja ya kale.* Viko bondeni. Baada ya kila kimoja kuna kupanda, na utaanza kupanda na misuli iliyopoa ukikaa sana kupiga picha.

3. Hesabu mita za kupanda, kilomita baadaye.

Safari yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa ya kilomita 26. Nilijipa saa mbili na nusu. Sikuona kwamba njia ilivuka mabonde matatu, na kila bonde lilinidai kupanda upya yale niliyoyashuka. Nilifika kwenye magofu jua linazama, nikayatazama dakika tano, nikarudi kwa mwanga wa simu. Tangu siku ile sipangi njia bila kujumlisha mwinuko.

Makadirio ninayowapa wanaoanza: kilomita 12 kwa saa, kisha ongeza dakika 15 kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya kilomita 30 yenye mita 600 za kupanda itachukua saa mbili na nusu, jumlisha saa moja na nusu, yaani saa nne za kuendesha. Weka saa moja ya alama kuu na robo saa ya dharura: saa tano na robo. Safari ya kwanza isivuke mita 600 za kupanda, hata kama kilomita zinaonekana chache.

Kujua ukali wa mwinuko mmojammoja, hesabu kontua. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 2 ni mita 500. Kama kontua zinapishana kwa mita 10 na umevuka nafasi sita ndani ya sentimita hizo 2, umepanda mita 60 katika mita 500, yaani asilimia 12. Hadi asilimia 8 utapanda ukiwa umekaa. Ukivuka 10 utahema kwelikweli. Asilimia 15 kwenye changarawe, watu wengi husukuma, na kusukuma si aibu.

Tahadhari: usiamini jumla ya mwinuko inayotolewa na programu moja tu. Programu mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa njia ileile. Chukua iliyo kubwa.

4. Hakikisha baiskeli inaruhusiwa, kipande kwa kipande.

Njia kuonekana kwenye ramani hakumaanishi baiskeli inaruhusiwa. England, sheria ya mwaka 1968 inaruhusu baiskeli kwenye njia za farasi, kwa sharti kwamba mwendesha baiskeli anawapisha waendao kwa miguu na wapanda farasi. Njia za miguu ni habari nyingine. Scotland, sheria ya mwaka 2003 inatoa uhuru mpana zaidi wa kupita, mradi uende kwa uangalifu. Kwingine mambo ni tofauti kabisa, kwa hiyo uliza mamlaka ya eneo husika.

Hata njia moja yenye jina moja inaweza kubadilika katikati. Ridgeway upande wa magharibi unapita na baiskeli, lakini upande wa mashariki vipande vingi ni vya miguu tu. South Downs Way, njia ya kusini mwa England yenye kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne, iko wazi kwa baiskeli, ila ukikaribia Eastbourne inagawanyika: wa miguu hufuata majabali ya Seven Sisters, wa baiskeli hupita ndani. Na ule ukuta wa Hadrian, wa Warumi kaskazini mwa England, ulioanza kujengwa mwaka 122, una njia ya miguu inayoandamana nao na njia tofauti ya baiskeli. Anayechanganya hizo mbili hujikuta amebeba baiskeli juu ya ngazi.

5. Amua mwelekeo wa mzunguko.

Mzunguko uleule, ukiuendesha kwa mwelekeo wa saa au kinyume chake, ni safari mbili tofauti. Panda upande wenye njia laini, kwa sababu mawe yaliyolegea yanamaliza nguvu kuliko mwinuko wenyewe. Shuka upande ambao unaweza kuona mita 20 mbele yako, na usiozidi asilimia 15. Alama kuu iwe kwenye nusu ya safari au kabla kidogo. Kisha tia alama kwenye ramani sehemu mbili ambapo unaweza kukatisha na kurudi kwa barabara ya lami. Watu huruka jambo hili, na ndilo litakalokuokoa mvua ikija.

6. Kagua baiskeli jana yake, siyo asubuhi.

Bana breki moja moja na usukume baiskeli mbele: gurudumu lisizunguke. Shika tairi la mbele kati ya mapaja, jaribu kuzungusha usukani: usiteleze. Hakikisha magurudumu yamebanwa. Tia mnyororo mafuta, kisha ufute, maana mafuta yanayong'aa nje yanakusanya vumbi tu.

Upepo wa tairi ndio unaokosewa zaidi. Wanaotoka barabarani hujaza hadi tairi linakuwa kama jiwe, halafu wanashangaa baiskeli inarukaruka. Kwa tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, anza na psi (kipimo cha msukumo wa upepo kinachosomwa kwenye geji) 28 hadi 32. Kwa lisilo na tyubu, psi 22 hadi 26. Mzito aongeze, mwepesi apunguze, na tairi la nyuma lizidi la mbele kidogo.

7. Kupanda.

Badili gia kabla mlima haujaanza. Ukisubiri hadi pedali ziwe nzito, utabadili ukiwa unakanyaga kwa nguvu zote, na hapo ndipo mnyororo hukatika. Sogea mbele kwenye siti, kunja viwiko, shusha kifua. Uzito ubaki juu ya tairi la nyuma ili lishike, lakini wa mbele usiishe kabisa. Kanyaga mfululizo kwa wepesi. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza. Kilima cha kwanza hakina zawadi.

8. Kushuka.

Hapa ndipo watu wanaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kabla ya mteremko simama, shusha siti angalau upana wa kiganja. Simama juu ya pedali, zote mbili ziwe usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea, nyonga nyuma kidogo. Kidole kimoja au viwili juu ya kila breki. Macho yaangalie unakotaka kwenda. Ukilikodolea jiwe, utalipiga.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, na wengi huiogopa. Itumie, lakini kwa kubana polepole, na ukiwa umenyooka. Fanya kazi yote ya kupunguza mwendo kabla ya kona, kisha achia ukiwa ndani ya kona. Kwenye mteremko mrefu usiburuze breki mfululizo: bana, achia, bana, achia, ili diski za breki zipate hewa. Ukisikia harufu ya kuungua, simama upumzike. Usiguse diski kwa kidole, inachoma.

Angalia udongo. Chokaa kavu inashika vizuri, lakini ikilowa inateleza kama sabuni, na ndani yake hujificha mawe ya gumegume yenye makali yanayopasua tairi. Majani makavu huficha mizizi. Mawe ya barabara ya kale yaliyolainishwa na karne za magurudumu, yakipata umande, shuka utembee.

Tahadhari: mteremko usioufahamu, ushuke mara ya kwanza polepole kiasi cha kuweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Nyuma ya kona kunaweza kuwa na geti, ng'ombe au mtoto.

9. Ukifika kwenye alama, shuka.

Usiendeshe juu ya matuta ya ngome, hata kama yanafanana na uwanja wa kuchezea. Tairi moja likipita juu ya tuta la udongo halionekani kuacha kitu. Matairi hamsini yanaacha mfereji wa upana wa kiganja, mvua inaukuta mfereji tayari, na baada ya misimu michache maji yamekula kile kilichodumu maelfu ya miaka. England, kuharibu mabaki yaliyolindwa ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1979, lakini hata pasipo na sheria naomba ufanye hivyo. Usiegemeze baiskeli kwenye ukuta wa kale: chokaa iliyoshika mawe inamomonyoka kwa kusuguliwa na usukani. Ifunge kwenye uzio au ilaze kwenye nyasi. Jiwe lililodondoka liache lilipo, kwa sababu mahali lilipoangukia nako ni sehemu ya habari.

Kisha simama pale mlinzi wa kale aliposimama. Kutoka hapo utaiona njia yako ya kurudi yote: bonde lenye tope, msitu, geti. Linganisha na ramani. Huwa nagundua kitu kila mara.

10. Weka saa ya kugeuka na uiheshimu.

Andika kwenye mkono au kwenye ramani: ikifika saa fulani, popote nilipo, nageuka. Saa hiyo ikuache na angalau saa mbili za mwanga zaidi ya muda uliokadiria kurudi.

## Mambo yakienda kombo

*Pancha yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka.* Rimu imebana tyubu dhidi ya jiwe. Upepo ulikuwa mdogo. Badili tyubu, ongeza psi 3 hadi 4. Kama ni tundu moja, pitisha kidole polepole ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya, la sivyo mwiba uleule utaitoboa.

*Gurudumu la mbele linanyanyuka ukipanda.* Umekaa nyuma mno. Sogea kwenye ncha ya siti.

*Gurudumu la nyuma linazunguka bila kwenda.* Umesimama, uzito umehamia mbele. Kaa, tumia gia nzito kidogo, kanyaga kwa utaratibu.

*Mkono wa breki unafika hadi usukani.* Kama breki ni za waya, kaza waya. Kama ni za mafuta na zimepata joto, pumzika hadi zipoe. Zisiporudi, ndani kuna hewa au mafuta yamevuja. Shuka kwa miguu hadi barabara ya lami, hata kama ni saa nzima.

*Mnyororo umekatika.* Toa kiungo kilichoharibika, funga kwa kiungo cha akiba. Mnyororo sasa unaweza kuwa mfupi, kwa hiyo usitumie gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma.

*Mikono inakufa ganzi.* Unashika usukani kwa nguvu mno, au siti imeinamia mbele. Isawazishe.

*Ukungu umefunika kilele.* Usikate njia kuelekea chini kwa kukisia. Rudi ulikotoka hadi mahali unapopatambua.

*Umefika mahali ramani inapoonyesha ngome na huoni kitu.* Hili huulizwa sana. Ngome nyingi za kale hazikuwa na kuta za mawe. Kilichobaki ni tuta lililofunikwa nyasi na mtaro uliojaa udongo, na mchana wa jua la utosini vyote vinafanana na uwanja mtupu. Tembea ukitafuta mstari uliopinda ambao ardhi yake inapanda kisha inashuka ghafla. Ukiweza, panga ufike asubuhi mapema au jioni: jua likiwa chini, kila tuta linatupa kivuli, na duara zima la ngome linajitokeza mbele yako.